Mgeni rasmi kaondoka, mbuzi kabaki na mche

Leo nina dukuduku. Lilinianzia hapa hapa Kambarage, Shinyanga mjini, Jumamosi moja ya mwezi wa nne, na kabla halijatulia likanifikisha Kishapu kwa babu, likaninyima biashara na likanikosanisha na baba yangu mdogo. Vuta kigoda.

Jumamosi hiyo kulikuwa na shughuli mtaani. Mazingira, kupanda miti, vyakula vya asili, vyote siku moja. Walioandaa siwataji, wasije wakanitafuta. Spika mbili kubwa kama makabati zilianza kuunguruma saa 12 asubuhi, Bongo Fleva mwanzo mwisho. Fulana zilikuwepo, kofia zilikuwepo, turubai lilikuwepo. Mgeni rasmi alitegemewa saa 3, akafika saa 6 na nusu, na jua la Shinyanga mnalijua. Akapelekwa kwenye shimo lililochimbwa tangu jana yake, akakabidhiwa mche, akauweka, akapigwa picha. Akautoa akauweka tena, maana mpiga picha wa pili alikuwa hajajiandaa! Sisi makabwela tukapanda miche mingine kama hamsini hivi. Na mimi nilipanda wangu mmoja, sikatai. Fulana pia nilipata, sikatai.

Kwenye meza ya vyakula vya asili akina mama walikuwa wamepanga vitu vyao ukiangalia unameza mate. Michembe, matobolwa, nsansa, mlenda mkavu, unga wa uwele, karanga, ukwaju, ubuyu, asali ya kwenye chupa. Kwa wale wa Dar ambao mnadhani michembe na matobolwa ni kitu kimoja: michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa. Michembe unaipika baadaye, matobolwa unaweza ukatia mfukoni ukawa unatafuna njia nzima. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Basi, mgeni rasmi akapita, akaonja punje moja ya karanga, akasema tudumishe vya kwetu, makofi pwaa pwaa pwaa. Halafu akaenda kuketi meza kuu chini ya turubai, na pale, msomaji wangu, kila mmoja akaletewa boksi lake. Chipsi kuku na soda ya baridi! Mama mmoja mwenye ungo wa michembe akanitazama, na mimi nikamtazama. Tukaishia kucheka. Ungefanya nini?

Wiki mbili baadaye nikapita pale. Miche yenye majani ilikuwa minne. Wa kwangu nilijua ulipo kwa sababu niliupanda karibu na nguzo ya umeme, nikakuta kijiti kimesimama kama njiti ya kiberiti. Mbuzi mwenyewe alikuwa palepale, ananiangalia kama ananidai.

Sasa msije mkasema nachukia sherehe. Mimi Msukuma bwana, sherehe iko kwenye damu. Wazee wetu walikuwa na mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika, watu wanafunga safari za siku nzima kwenda kuangalia nani atavuta umati kwa mwenzake, hadi leo Bulabo inachezwa kila mwaka kule Bujora, Kisesa, baada ya sikukuu ya Ekaristi, na nyoka wanavishwa shingoni kama tai. Kishapu nako kuna tamasha la Sanjo ya Busiya, Ukenyenge, kwenye himaya ya watemi wa ukoo wa Makwaia. Ndio ukoo wa mtemi Kidaha Makwaia, aliyekuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Ukiangalia vizuri, ngoma hizi ziliwekwa baada ya mavuno. Chakula kipo ghalani, maziwa bado yapo, pombe ya mtama imeiva, watu wana nafasi. Yaani kwanza shamba, halafu sherehe. Sisi wa mjini tumegeuza. Kwanza sherehe, na shamba tutaona mbele ya safari.

Halafu kuna jambo la kalenda. Siku ya Taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa mikoa yenye masika ya mwezi wa tatu na wa nne, poa, mche unakuta mvua inaanza. Kwetu mvua zinaanza Novemba hivi, na mwezi wa nne ndio zinaaga. Kwa hiyo mche wa Aprili Shinyanga ni mtoto unayemwachisha ziwa siku ileile unayosafiri. Miezi sita ya kiangazi inamsubiri, na asipokufa kwa kiu kuna yule mbuzi wa nguzo ya umeme.

Na jina lenyewe la mtaa! Kambarage, kama mnavyojua, ni jina la Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mvua ikiwa inanyesha kwelikweli, ndipo akapewa jina hilo la mzimu wa mvua wa Kizanaki. Sisi tunaokaa Kambarage tunapanga foleni ya maji. Lakini Mwalimu ana sehemu yake kwenye hadithi hii, na si ya jina tu.

Turudi nyuma kidogo, halafu nitawapeleka Kishapu.

Ukimwambia kijana wa leo kwamba Shinyanga ilikuwa na misitu atakuona umepiga ulanzi. Ilikuwepo. Migunga, miombo, vichaka vinene, na ndani yake mbung'o wa kutosha, anayeua ng'ombe kwa nagana na kuwapa watu malale. Kuanzia miaka ya 1920 Waingereza wakaamua kumfukuza mbung'o kwa kumbomolea nyumba. Bosi wao alikuwa bwana mmoja anaitwa Charles Swynnerton, makao ya utafiti wake yalikuwa hapa hapa, Old Shinyanga. Msitu ukafyekwa, na waliofyeka ni babu zetu. Mbung'o akaondoka kweli. Ila na kivuli kikaondoka. Halafu ikaja pamba, kila pori likawa shamba. Ng'ombe wakazidi. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kwenye maeneo yao ya zamani wakapangwa mistari, na yale malisho waliyokuwa wakiyatunza kwa miaka na miaka yakabaki hayana mwenyewe. Kilichofuata kila mtu anakijua, kitu kisicho na mwenyewe kinaliwa na wote.

Mwaka 1984 Mwalimu, akiwa rais, alikuja kutembelea mkoa huu, na alichokiona kikamshtua. Vumbi, makorongo, akina mama wanapikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Watu walishaanza kuiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukaendelea hadi 2004, Wanorwei wakisaidia fedha.

Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa taarifa yako, HASHI nao walianza kama ile shughuli yetu ya Kambarage! Vitalu vya miche, miti ya kigeni, ndoo za kumwagilia, gawa miche kijiji kwa kijiji. Nguvu ikatumika nyingi, miti ikaonekana michache. Mbuzi wa enzi hizo nao walikuwa na njaa. Mpaka wataalamu wakakaa chini na wazee wakawauliza, hivi nyie zamani mlikuwa mnafanyaje? Wazee wakasema, zamani tulikuwa na ngitili.

Ngitili si mti, wala si msitu wa serikali. Ni kipande cha malisho ambacho mtu au kijiji kinakifunga mvua zinapoanza. Hakuna kuingiza mnyama, hakuna kukata. Majani yanakua yenyewe, visiki vinachipua vyenyewe, maana chini ya ardhi mizizi ilikuwa haijafa. Kiangazi kikikolea, mabua ya shambani yakishaisha, ndipo inafunguliwa, tena kwa vipande. Kwanza ndama, maksai wa kulimia, ng'ombe wanaokamuliwa na wale wazee wazee wasioweza kutembea mbali. Anayevunja utaratibu anapelekwa dagashida, baraza la wazee na wanakijiji, anatozwa faini, na sungusungu wapo. Sungusungu hawana masihara.

Basi, HASHI wakaacha kuhangaika na ndoo wakawaunga mkono wazee. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Baada ya mwaka 2000 zikahesabiwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga ule wa zamani, kabla ya mwaka 2012 haujamegwa, Simiyu ikaenda kivyake na Bukombe ikaenda mkoa mpya wa Geita. Kutoka 600 hadi laki tatu! Na sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Iliachwa tu.

Haya, sasa nije kwangu.

Babu yangu ana ngitili Kishapu, si mbali sana na Mhunze. Kwa miaka yote mimi naiita "porini kwa babu". Mwezi wa saba, siku kama ya kumi hivi, baba mdogo akanipigia simu. Kuna mnunuzi wa mkaa amepita, ameipenda ile miti, anatoa laki 9 kwa nusu ya eneo. Anakuja na watu wake, wanakata, wanachoma palepale, wanaondoka. Babu amekataa lakini baba mdogo ameitisha kikao cha ukoo, na kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa mtoto wa kwanza, nafasi yake naikalia mimi. Nikiunga mkono, mgao wangu laki 2.

Sitaki kuwazuga. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Ngoja nieleze kwa nini. Mimi na mshikaji wangu mmoja tulikuwa na mpango wa kufungua banda la chipsi karibu na uwanja wa Kambarage. Mechi zikiwepo pale watu wanakula hadi sahani. Enzi za Stand United kwenye ligi kuu, kati ya 2014 na 2019, wauza chipsi wa pale walijenga! Karai tulishapata, kabati la vioo tulishalipia nusu, sehemu tulishaongea na mwenye nyumba. Kilichobaki ilikuwa kama laki mbili hivi ya kumalizia kabati, kununua gunia la viazi, ndoo ya mafuta na mkaa wa kuanzia. Mkaa! Yaani miti ya babu ingeniletea mtaji, halafu ingenirudia kwenye gunia nikaangie viazi. Lakini wakati ule hata sikuliwaza hilo. Nilikuwa naona kabati la vioo tu.

Jamaa mwingine niliyemaliza naye fomu fo, yeye yuko machimboni Nyarugusu, Geita, nikamtumia ujumbe kujisifu. Akanipigia hapo hapo. Ananiambia nimekuwa mjinga, mkaa ni bei ya kutupa, nitafute mtu wa matimba. Matimba ni ile miti inayoshikilia kuta za duara wachimbaji wanaposhuka chini, isiwaangukie. Ikitoka dhahabu mahali, anasema, watu wanamiminika ndani ya wiki moja, na kitu cha kwanza kinachoadimika si chakula, ni miti. Kila duara linataka matimba, kila mama ntilie anataka kuni na mkaa, kila anayelala anataka nguzo za kibanda. Pori likikaribia kambi linaisha kama mkate wa chai. Ndipo magari yanaanza kufuata miti mbali, wilaya nyingine, mikoa mingine. "Huko kwenu bado ipo, shauri yenu," akaniambia. Nilipokata simu sikujua kama amenishauri au amenitisha.

Nikapanda gari hadi Mhunze, nikamalizia na bodaboda. Nilifika jioni.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

Babu hakuuliza nimefuata nini. Alijua. Akachukua fimbo yake akaniambia twende tukaangalie ndama. Kumbe hakukuwa na ndama huko, ngitili ilikuwa bado imefungwa. Alitaka nitembee.

We acha tu. Mimi nilikuwa sijaingia mle tangu nikiwa darasa la nne. Majani yalikuwa yananifika kiunoni, yamekauka rangi ya dhahabu, na nje ya mpaka, hatua mbili tu, ardhi nyeupe kama sakafu. Kanionyesha mkwaju. Kanionyesha migunga iliyonizidi urefu mara nne. Ndege wanapiga kelele kama wako sokoni. Akasimama kwenye kisiki kimoja kipana, pembeni yake yametoka mashina matatu yaliyonyooka. Akasema kisiki hicho alikikata yeye mwenyewe, kijana, kabla ya kuhamishwa mwaka 1974. Walipohamishwa palibaki uwanja wa mtu yeyote, kila mti ukaisha. Aliporudi kupazungushia mpaka, baada ya watu wa HASHI kupita kijijini, palikuwa pekundu, hapana hata jani. Wenzake walimcheka kwamba anafunga vumbi. Mwaka wa kwanza yakaota majani. Mwaka wa pili visiki vikaanza kutoa macho.

"Sikupanda hata mmoja," akasema. "Nilikaa nikangoja. Kungoja nako ni kazi, sema haina fulana."

Nilikuwa nimevaa ile fulana ya Jumamosi. Nikajifanya sijasikia.

Babu si malaika, tusimpambe. Ni mkali, ana maneno, na hapo hapo akanipigia hesabu zake kama mkopeshaji. Mwaka 2006, kwenye ule ukame uliosumbua nchi nzima, jirani zake walizika ng'ombe, wa kwake walikonda wakasimama. Kila Oktoba, wakati mnadani ng'ombe wote ni mifupa, yeye anapeleka dume moja lenye nyama, bei anapanga yeye. Dume moja la namna hiyo ndilo lililoninunulia sare, godoro na sanduku nilipokwenda sekondari. "Hicho cheti chako cha fomu fo," akaniambia, "kimekula majani haya." Miaka mingine akiona majani yamezidi, anampangisha mtu mwenye mifugo kipande, analipwa. Majani marefu anauza ya kuezekea. Mizinga ipo sita. Bibi kuni anaokota matawi makavu humo humo, haendi mbali.

Usiku, baada ya chakula, nikatoa simu nikapiga hesabu yangu kimyakimya. Majani ya kupangisha, ya kuezekea, asali, tofauti ya bei ya dume la Oktoba. Sikuweka kuni, sikuweka dawa, sikuweka furu na ntonga tulizokula utotoni. Nilipojumlisha mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe si mzuri, nilipata kama nusu ya zile laki 9. Mnunuzi wa mkaa analipa mara moja, na akiondoka anaacha majivu. Baadaye nilikuja kuona kwamba wasomi walishaipiga hesabu hii zamani. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine, miaka ya mwanzo ya 2000, ulikuta ngitili inamwingizia mtu mmoja wa kijijini thamani ya kama dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa vijijini nchini yalikuwa dola 8 na nusu. Aina za mimea walihesabu 152, ndege aina 145. Mimi nilikuwa na simu yenye asilimia 11 ya chaji na kichwa changu, lakini nilifika njia ileile.

Chakula chenyewe cha usiku ule nisikifiche. Ugali wa mtama, nsansa ya karanga, halafu matobolwa na maziwa mgando. Maziwa mazito, kijiko kinasimama. Shuleni tulikuwa tunamcheka mwenzetu aliyekuwa anakuja na matobolwa mfukoni, tunamwita wa kuja. Mimi ya kwangu nilikuwa nayala chooni nisionekane. Usiku ule nilikula mabakuli mawili, bibi akaniuliza kama huko mjini kuna njaa.

Kikao kilikuwa asubuhi, chini ya mti, watu saba. Baba mdogo akaongea wa kwanza, na nitamtendea haki, aliongea vizuri. Ana watoto watano. Pamba ya mwaka ule ilimwangusha. Babu anaota moto na ngitili yake wakati wajukuu wanakwenda shule na ndala. Majani hayaliwi na watu, alisema. Na miti itachipua tena, si mzee mwenyewe ndiye anayesema visiki havifi? Hapo kila mtu alinyamaza, maana lile lilikuwa pigo.

Babu akajibu kwamba kisiki hakifi kama kinaachwa. Mwenye mkaa akishajua njia hakiachi, atarudi na kwa machipukizi. Na siku mpaka ukishavunjwa na mwenye ngitili mwenyewe, utampeleka nani dagashida? Ng'ombe wa kijiji kizima wataingia na hutakuwa na mdomo.

Wakanigeukia mimi. Nikasema siungi mkono.

Sikusema kishujaa, sauti ilitoka kama ya mwanafunzi aliyechelewa. Baba mdogo akaniangalia kwa muda, akauliza, "Si ulikubali kwenye simu?" Nikasema nilikubali kabla sijaona. Akatikisa kichwa. Hadi naandika hivi simu zangu hapokei, na watoto wake watano bado wanakwenda shule na ndala, hilo nalijua na linanikera. Nilipendekeza dume la Oktoba mwaka huu liwe lake, babu akaguna tu. Kuguna kwa babu kunaweza kuwa ndiyo, kunaweza kuwa kikohozi.

Niliporudi mjini nikamweleza mshikaji wangu wa chipsi. Alikasirika kidogo, halafu akawa mtu mzima. Nikamwambia basi tuanze na ninachoweza, bibi ana magunia mawili ya matobolwa na michembe, tuchanganye na karanga za kukaanga, tufunge kwenye karatasi, tuuze uwanjani. Akanitazama kama mtu mwenye homa. "Mechi ya mpira, mtu ale michembe?" Nikamjibu mbona karanga wanakula. Akasema karanga ni karanga. Hapo tukaishia. Nilijaribu peke yangu siku moja, pakiti 30. Ziliuzika 19, nyingi kwa watu wazima, na vijana wawili walionunua waliomba niwawekee kwenye mfuko usioonyesha. Pakiti 11 nilikula mwenyewe. Si hasara mbaya. Kuna siku nitajaribu tena, nikipata kipaza sauti.

Mshikaji amepata mbia mwingine, na banda limefunguliwa. Kabati la vioo linang'aa, taa ya rangi ndani. Nilimuuliza kwa nini asitumie gesi, si tunasikia kila siku nishati safi, mkakati wa taifa umezinduliwa tangu 2024, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034? Akasema ifikapo 2034 atakuwa nayo. Kwa sasa mtungi mkubwa ni pesa ya mara moja, mkaa unanunua wa leo kwa hela ya leo. Sikuwa na jibu, maana na mimi nyumbani napikia hivyo hivyo.

Chipsi zake tamu lakini, na ananipunguzia bei. Juzi nimekaa pale nasubiri sahani yangu, jamaa akafika na baiskeli, magunia matatu ya mkaa, amelowa jasho. Mshikaji akavunja kipande kimoja, akakigonga, kikalia kama chuma. Nikauliza unatoka wapi.

"Kishapu huo," jamaa akasema. "Mgunga mtupu. Hauna moshi."

Haya msomaji wangu, ngitili ya babu inafunguliwa mwisho wa mwezi wa nane, nimeahidi kwenda kusaidia kuingiza ndama, kwa hiyo wiki hiyo msinitafute. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea kasheshe la wapangaji na mita moja ya umeme. Kwa herini.